Radi Hana Baba Mwenye Tai

Kapsoit, 3 Machi 1996

Kwako mwanangu Kipngeno,

Sisi hapa tuko. Mama yako Chepkemboi anakusalimu. Jino lilimsumbua wiki mbili mpaka likang'olewa Kericho, sasa anatafuna upande mmoja. Ng'ombe yule mwenye baka usoni amezaa ndama dume, nimekasirika naye lakini nitafanya nini. Mvua ya mawe ilipiga chai ya upande wa mto siku ya Jumanne, majani yametoboka yote, na karani wa kituo cha kupimia chai akakataa nusu ya kikapu changu mbele ya watu. Robert, ndugu ya marehemu mzee wangu, hajambo ila kiuno.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nieleze, huyo mtu mwenye tai ni nani?

Nasema juu ya gazeti lenu la picha, toleo la kumi na moja. Lilifika kwa duka la Joan Ijumaa. Unajua ninavyosoma. Nalinunua, silifungui, nakwenda nalo kituoni, na tukishapanga vikapu kungoja lori la kiwanda, nakaa juu ya lile jiwe na kuwasomea watu. Wengi hawana miwani na wengine hawakupata shule. Yunia, yule mama wa kutoka Kisii anayechuma shamba la jirani, hunishikia mwavuli ili kurasa zisilowe. Tumesoma hivyo tangu toleo la kwanza, na lori likifika dereva huzima injini angoje tumalize.

Basi shujaa wenu Radi amemaliza kushikilia daraja lisianguke, mvua inakatika na nguvu zinamwisha kama kawaida yake, mara gari jeusi linasimama. Anashuka mtu mwenye tai shingoni na koti jeupe, anamwambia Radi yeye ndiye baba yake mzazi. Watu kituoni wote wakaniangalia mimi. Yunia akauliza kama nimeruka ukurasa.

Sikuruka. Jioni nilitoa toleo la kwanza kwenye sanduku nikalisoma upya. Imeandikwa wazi. Bibi Taprandich, mjane asiye na mtoto, alitoa ng'ombe akaoa msichana ili nyumba yake isizime. Msichana akazaa. Akina mama wakakaa na mtoto, wakamwekea ugoro kidogo puani, wakaita majina ya wazee wa nyumba ile mmoja mmoja. Lilipotajwa jina la mzee aliyepigwa na radi, mtoto akapiga chafya na ngurumo ikaitika. Hapo ndipo nguvu zilipomwingia. Mwenye mtoto ni Bibi Taprandich, kwa sababu aliyetoa ng'ombe ndiye baba. Hilo hapa kwetu hata mtoto wa nasari analijua. Wewe unalijua kuliko wote. Unaniita Kogo kama mtu anavyomwita nyanya yake, lakini ng'ombe waliomleta mama yako nilitoa mimi, na kwa mambo ya nyumba baba yako ni mimi.

Nimemwandikia mhariri wenu. Barua iko ndani ya bahasha hii. Mpe mkononi. Nimeandika kwa adabu.

Ni mimi,
Kogo wako Chepngetich


Nairobi, 29 Machi 1996

Kogo mpendwa,

Nimefurahi kusikia mmeamka salama, na pole kwa mama na jino. Ndama dume si mbaya sana, atakua auzwe. Mimi nina afya. Nimehamia chumba kingine karibu na ofisi, kina dirisha, kwa hiyo sasa naweza kuweka wino kwenye picha hata nikiwa nyumbani.

Juu ya hadithi, Kogo, usiichukue kwa uzito hivyo. Mimi pale ni mtu mdogo. Mchoraji anachora kwa penseli, mimi napitisha wino na kuandika maneno ya wanaozungumza, basi. Mambo ya nani ni baba ya nani yanaamuliwa na mhariri, Bwana Bogonko. Ofisi imeona kwamba gazeti sasa linasomwa mpaka mbali, na wasomaji wa huko wanachanganyikiwa. Wanauliza, huyu Bibi ni mama, ni nyanya, ni nini? Wenye matangazo nao wanataka shujaa mwenye baba, mtu wa kawaida. Ni biashara tu.

Barua yako imefika. Bwana Bogonko ana kazi nyingi lakini nafikiri ataisoma.

Kuna jambo lingine zuri. Nimepata msichana, jina lake Dorcus. Nitakueleza siku nyingine.

Msalimie mama, na Mzee Robert.

Wako,
Kipngeno


Kapsoit, 21 Aprili 1996

Kwako Kipngeno,

Tumeamka. Mama yako ameanza kutafuna pande zote mbili. Mvua imekuja vizuri na chai inasukuma majani mapya mpaka mikono inatuuma. Mursik ya maziwa ya yule ng'ombe inaganda kwenye kibuyu, inakungoja wewe, na ukichelewa nitampa Robert.

Huyo Bwana Bogonko wako ni mtu wa namna gani? Toleo la kumi na mbili limenitia homa. Ati nguvu za Radi zinatoka kwa sindano. Ati yule baba mwenye tai ni daktari, alimdunga mtoto dawa akiwa tumboni, halafu akaenda ng'ambo. Na chafya je? Na majina je? Akina mama wale wote waliokaa pale kwenye ngozi, na Bibi Taprandich na ugoro wake mkononi, wote wamefutwa. Wameweka chupa na mashine. Kwa nini basi nguvu zinakuja wakati wa mvua tu? Dawa gani ya hospitali inangoja mvua inyeshe? Mtu akitaka kuharibu kitu cha mwenzake angalau aharibu vizuri.

Watu wa kituoni walinikasirikia mimi. Mmoja alisema siku hizi nasoma vibaya.

Ngoja nikukumbushe kwa sababu wewe ndiye uliyempelekea Bogonko mambo ya chafya, hakuyaota. Siku yako tuliita majina kumi na moja. Ulikaa kimya umetukazia macho, mkaidi tangu siku hiyo. Mchungaji alikuwa amepita kusalimu, akasimama nje akijifanya anaangalia kahawa ya jirani. Nikataja jina la baba ya mzee wangu, ukapiga chafya mara mbili. Mama yako alilia. Tangu hapo hakuna mtu Kapsoit aliyewahi kuuliza wewe ni wa nani.

Na jambo moja zaidi. Mkono wako naujua. Mistari ya Bibi Taprandich siku hizi ni myembamba, imekwenda haraka. Mistari ya tai ya huyo mtu ni mizito, imenyooka, imerudiwa. Hiyo tai umeipenda.

Mama yako hasomi haya magazeti, lakini nilimwonyesha picha. Aliiangalia, akasema, "Mwambie sikuolewa na mtu mwenye tai."

Hii hapa barua ya pili kwa mhariri. Na huyo Dorcus ni wa watu gani? Wanajua wewe ni wa nyumba gani?

Kogo wako


Kapsoit, 30 Juni 1996

Kipngeno,

Mei imepita, Juni inaisha, na sijaona barua. Kama ni ugonjwa ungetuma mtu. Ng'ombe yule ana kikohozi. Mama yako anapalilia viazi. Robert alianguka kwenye matope akaamka mwenyewe.

Nimeuawa.

Toleo la kumi na nne, ukurasa wa sita, pembeni juu. Radi amekaa kwa gari la baba yake, na kisanduku kidogo kimeandikwa, "Bibi Taprandich alifariki mwaka jana." Basi. Hakuna picha. Hakuna ugonjwa. Hakuna kaburi, hakuna mtu aliyenyoa nywele, hakuna aliyepika chai ya matanga. Kwenye picha inayofuata Radi anakula chipsi.

Nililisoma hilo kwa sauti kabla sijaelewa ninasoma nini. Yunia alifunga mwavuli. Mvua ilikuwa inanyesha, gazeti likalowa, na yeye amesimama tu na mwavuli umefungwa. Halafu akafungua leso akaanza kulia kama wanavyolia kwao, na wanawake wengine wakamfuata, mpaka karani wa mizani akatoka kuuliza nani amekufa. Kijana mmoja akamwambia ni mtu wa gazeti. Karani akacheka. Mimi sikucheka na sikulia. Nilipima majani yangu nikaenda nyumbani.

Yule mama alimlea Radi. Alitoa ng'ombe wake wote. Aliuza mtungi wa harusi yake amnunulie viatu vya shule, iko toleo la tatu. Leo anamalizwa kwa maneno matano, na mwandiko ni wako, Kipngeno. Naijua hiyo b yako yenye tumbo kubwa, nilikufundisha mimi.

Hii ni barua ya tatu kwa mhariri. Za kwanza alizisoma? Alisema nini? Jibu.

Chepngetich


Nairobi, 20 Julai 1996

Kogo mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Kazi imekuwa nyingi na mkono wangu uliuma. Natumaini kikohozi cha ng'ombe kimepona, na Mzee Robert apunguze kutembea kwenye matope.

Juu ya toleo la kumi na nne, mimi niliandika nilichopewa kuandika. Barua zako zimefika.

Nataka kukueleza habari za Dorcus. Ni mtoto wa tatu wa Mzee Nyang'au, karani katika shamba kubwa la chai huko upande wa Bomet. Ni watu wa Kisii, wamekaa huko miaka mingi, watu wa kanisa sana. Dorcus ni mwalimu. Tunataka kwenda kuposa mwezi wa kumi na mbili.

Mzee Nyang'au aliniuliza baba yangu ni nani. Kogo, yeye ni mzee mkali, amesoma, anavaa tai hata Jumamosi. Niliona atacheka. Nilimwambia baba yangu alifariki.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Mzee Robert aje akae mahali pa baba. Wewe na mama mtakaa na akina mama wengine, mtapewa heshima yote, nitahakikisha. Ni siku moja tu. Wewe una akili, utaelewa.

Wako mtiifu,
Kipngeno


Kapsoit, 5 Agosti 1996

Kipngeno,

Ng'ombe amepona. Mama yako hajambo.

Nimemsomea Robert barua yako. Amesema kiuno kinamuuma.

Nitakaa mahali utakaponiweka.

Toleo la kumi na tano nimelinunua. Sina la kusema juu yake.

Chepngetich


Nairobi, 9 Oktoba 1996

Kogo,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu nitazituma mwishoni.

Hukuniambia kwamba umemwandikia Bwana Bogonko moja kwa moja kwa posta. Barua ilifika akaifungua mwenyewe. Aliisoma ofisini kwa sauti akicheka mpaka akavua miwani. Akasema iwekwe kwenye toleo la kumi na nane, ukurasa wa vichekesho, na mimi niandike kichwa chake kwa herufi kubwa. Akaniwekea mezani. Ulikuwa mwandiko wako.

Umeshaiona, lakini nainakili hapa kwa sababu niliiandika kwa wino kila neno na sasa siwezi kuisahau. "Bwana Mhariri, mimi ni mkulima wa chai. Umemuua Bibi Taprandich na hukumpa hata kaburi. Mimi pia ni mwanamke niliyeoa, na mwanangu yuko hapo kwako anaweka wino. Muulize baba yake ni nani. Mwambie mimi sijafa."

Bogonko alisimama katikati ya ofisi akauliza huyo mwana ni nani kati yetu. Kila mtu alicheka. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukadondoka kwenye karatasi. Halafu nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Huyo ndiye baba yangu." Hawakucheka tena, ila Bogonko alisema barua itabaki ukurasa wa vichekesho kwa sababu nafasi nyingine zimejaa.

Kuna mengine lazima uyajue. Barua zako tatu sikumpa. Ziko kwenye droo yangu, chini ya karatasi za kufutia wino. Na mtu mwenye tai si wa Bogonko. Yeye aliuliza tu kama Radi anaweza kupata baba wa kawaida, na mimi nikamchora siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana, tai, koti, gari, kila kitu. Mazishi ya Bibi Taprandich yalikuwa yametengewa kurasa mbili. Mimi ndiye niliyesema mstari mmoja unatosha. Nilikuwa nimechoka kuulizwa, Kogo. Shule ya sekondari niliulizwa, kwenye fomu ya kitambulisho niliulizwa, na kila mara nilieleza wakaangaliana. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo sielezi.

Sasa nimemwomba Bogonko amrudishe Bibi. Amekataa. Anasema wenye matangazo wamempenda baba.

Dorcus alipeleka gazeti kwao. Mzee Nyang'au alisoma ukurasa ule akaniita. Nilijua yameisha. Alikuwa na hasira, lakini si hasira niliyoitegemea. Aliniambia nyanya yake mwenyewe alioa, na nusu ya ukoo wao unatoka kwenye nyumba hiyo, na kwamba amekaa na Wakipsigis miaka thelathini kwa hiyo nilidhani atashangaa nini. Kilichomkasirisha ni kwamba nilimzika mzazi aliye hai. Amesema hatampokea Robert wala mtu mwingine. Atazungumza na aliyetoa ng'ombe, na kama haji, mimi pia nisije.

Sina haki ya kukuomba. Nakuomba.

Msalimie mama. Mwambie alisema kweli kuhusu tai.

Kipngeno


Kapsoit, 27 Oktoba 1996

Kwako Kipngeno,

Tumeamka. Mvua ya mawe tena, lakini safari hii ilipiga kwa jirani. Yule ndama dume amekua, ana kichwa kigumu, na mama yako amempa jina lako.

Nilijua. Nilikwambia Aprili kwamba ile mistari ni yako. Nilikuwa nakungoja uniambie wewe mwenyewe, na umechukua miezi sita. Nimekukasirikia na bado nitaendelea, usifikiri barua moja inafuta. Kuulizwa umeulizwa, sikatai. Mimi je? Mimi niliulizwa kanisani, niliulizwa na chifu, niliulizwa na ndugu za mzee wangu waliotaka shamba. Niliwajibu wote, ili wewe ukifika upate majibu yako tayari. Ungeniuliza ningekupa.

Barua yangu kwenye ukurasa wa vichekesho, karibu na picha ya mbuzi anayevuta sigara! Huyo Bogonko mwambie nimeona. Na toleo hilohilo baba mwenye tai sasa amepewa kofia ya kuruka nayo. Si shujaa mmoja tu tena, ni wawili, na yule wa pili hahitaji hata mvua. Upuuzi mtupu. Wamechukua kitu kizima wakakifanya kapu la viraka.

Lakini nikwambie jambo. Unafikiri nani amesoma hayo hapa Kapsoit? Hakuna. Tangu toleo la kumi na tano mimi nikiwa juu ya jiwe sisomi maneno yenu. Naonyesha picha, halafu nasema yangu. Yule mtu mwenye tai ni karani wa kiwanda, amekuja kuiba mizani, na Radi anajua, anamwacha tu ajifunge mwenyewe. Ile kofia ni ya kuficha upara. Na Bibi Taprandich hakufa. Amelala upande wa nyuma wa nyumba, anaumwa na hasira, ndiyo maana haonekani kwenye picha. Kila toleo Yunia anauliza ameamkaje, na mimi namwambia. Wiki jana dereva wa lori alisema hadithi imerudi kuwa nzuri, mhariri lazima amebadilishwa.

Desemba nitakuja kwa Mzee Nyang'au. Nitakaa upande wa wazee, kwenye kiti chenye mgongo. Robert atabeba mwavuli wangu, kiuno kimepona ghafla. Mama yako atakaa karibu nami, si jikoni. Nikiulizwa mimi ni nani, nitakaa kimya. Utajibu wewe, kwa sauti, na watu wa nje wasikie.

Zile barua tatu kwenye droo usizitupe. Ziweke pamoja na toleo la kwanza. Siku Mungu akiwapa mtoto, mimi ndiye nitakayeita majina, na la kwanza kuliita nimeshalichagua. Ugoro ninao.

Baba yako,
Chepngetich